Julai Juu ya Theluji: Orson Welles na Kazi ya Kusimulia Filamu za Wenzake

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu watangazaji, ndugu wasimulizi wa filamu, wahariri mliokuja na kompyuta zenu mapajani, na wanafunzi mliokaa chini kwa kuwa viti vimekwisha: hamjambo.

Jina la Orson Welles, mwigizaji na mwongozaji filamu wa Marekani, mmelisikia. Wengi wenu mnamjua kwa Citizen Kane, filamu ya 1941 aliyoiongoza akiwa na miaka 25. Hiyo leo tunaiweka kando, maana imeshasemwa mpaka imechakaa. Tumekuja na kazi yake ya pembeni, ile iliyomlisha kwa karibu miaka 50, yaani kukaa mbele ya maiki na kusoma maelezo ya filamu za watu wengine. Ya kwanza aliisoma mwaka 1937 akiwa kijana wa miaka 22. Ya mwisho kumtumia kama sauti tu, katuni ya maroboti, aliirekodi siku chache kabla ya kufa, Oktoba 1985.

Katikati hapo kuna kila aina ya kitu. Mabaharia wa Skandinavia katika The Vikings ya 1958, maisha ya Yesu katika King of Kings ya 1961, Churchill, mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti akaoa, magofu ya Meksiko, meli ya Titanic, sungura Bugs Bunny. Zipo alizosoma bila jina lake kuandikwa popote kwenye filamu. Zipo nyingine ambazo, tuseme ukweli, hazikustahili hata sauti ya karani wa mnada.

Kwa nini alizikubali? Fedha. Hakulificha hilo na sisi hatuna sababu ya kulificha. Studio za Hollywood zilikuwa zimemchoka, naye alitaka kutengeneza filamu zake. Othello aliipiga Moroko na Italia kwa kusimama na kuanza, miaka mitatu hivi. Fedha zikiisha, anakwenda kuigiza kwenye filamu ya mtu, analipwa, anarudi kuwakusanya waigizaji wake upya. Filamu hiyo ikapewa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes mwaka 1952. Nyingine, The Other Side of the Wind, aliianza 1970 na ikatoka 2018, yeye akiwa kaburini miaka 33. Usimulizi ulikuwa sehemu ya riziki hiyo: saa chache za studio, malipo mkononi, hakuna mavazi, hakuna kusafiri na lori la taa.

Sasa watu husema, “Welles alikuwa na sauti.” Alikuwa nayo. Lakini sauti nene zimejaa hata kwenye stendi za mabasi. Tunachotaka kuwaonyesha asubuhi hii ni kitu kingine: Welles alisoma maelezo kama mhariri wa picha. Kila neno alilijua linaangukia kwenye picha gani, na neno likiangukia pasipo pake alilisikia kama fundi gari anavyosikia bolti iliyolegea.

Ushahidi wake uko kwenye mkanda unaochekwa sana. Karibu na mwaka 1970, mjini London, alikuwa akirekodi tangazo la vyakula vya kugandishwa: njegere, samaki na nyama ya kusaga. Mitambo ikawa inanasa hata maneno ya kati, pale anapobishana na waongozaji. Nakala za mkanda huo zikapita mkono kwa mkono katika studio za dunia nzima, na watu huusikiliza ili kucheka mzee akifoka. Sisi tunawaomba msikilize anachofokea.

Picha inaonyesha shamba lililofunikwa na theluji. Maneno yanasema kwamba kila Julai njegere hustawi pale. Mwongozaji anamtaka Welles achelewe kidogo, aanze sentensi wakati picha ya theluji inaondoka. Welles anashangaa: si utamu wenyewe ndio huo, kutamka Julai juu ya theluji?

Tusimame hapo. Mwongozaji alitaka neno na picha viseme jambo moja. Welles alitaka vigongane kidogo, ili mtazamaji aone baridi, asikie kiangazi cha Ulaya, na mwenyewe akilini aunge miezi sita iliyopo katikati. Kisha analalamika tena: maneno yanasema njegere zinaota, kumbe kwenye picha zimeshachumwa! Malalamiko hayo mawili ukiyasikia juu juu utadhani yanapingana. Hayapingani. Theluji na Julai vinaacha pengo ambalo mtazamaji analijaza kwa furaha. Kuota na kuchumwa ni makosa tu, maneno yamechelewa gari.

Leteni mfano huo nyumbani. Una picha ya mto mkavu, mbuzi anavuka mchangani, sekunde sita. Picha inayofuata ni mafuriko yaleyale ya kila mwaka, maji ya kahawia, magogo. Sentensi yako ni: “Masika yakija, mto huu hufurika hadi kwenye daraja.” Utaiweka wapi? Wahariri tisa kati ya kumi wataiweka juu ya mafuriko, kwa sababu ndiyo picha ya mafuriko. Hapo umemwambia mtu anachokiona. Iweke juu ya mbuzi. Mafuriko yakitokea, nyamaza, maji yaseme yenyewe.

Jambo la pili kwenye mkanda ule ni mkazo. Waongozaji walimtaka aitamke sentensi inayoanza na “in July” kwa kuikazia ile “in”. Akawaambia hakuna namna inayojulikana ya kusema sentensi ya Kiingereza hivyo ikaleta maana. Alikuwa sahihi. Kwetu sisi kosa hilo lina sura yake, na ni baya zaidi, maana Kiswahili hakitilii mkazo kwa kupandisha sauti kwenye neno lolote unalopenda. Tuna mpangilio wa maneno na tuna “ndi-”. Ukitaka Julai ibebe uzito, usipige kelele kwenye Julai. Andika upya: “Julai ndipo njegere zinapostawi hapa.” Mwongozaji akikuambia “kaza hapo kwenye katika”, mjibu kwa kalamu, mpe sentensi mpya.

Na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho usiuchezee. Kuna wasimulizi vijana wanaoiga wimbo wa watangazaji wa televisheni za kigeni, wanapandisha mwanzo wa neno na kuliacha mkia ukiburuta. Matokeo yake, anataka kutaja njia ya magari, kumbe anasema “sawasawa”: barabára na barábara haziko mbali. Walákini ya kuunganisha sentensi na walakíni ya dosari nazo hivyohivyo. Kwenye maongezi ya baraza muktadha unaokoa. Kwenye filamu, mtu ana macho kwenye picha na sikio moja tu kwako, haokolewi.

Welles alilipata wapi sikio hilo? Redioni. Kuanzia 1935 alikuwa akiigiza sauti katika kipindi cha habari zilizoigizwa, The March of Time, na alikuwa na kazi nyingi za redio New York kiasi cha kukodi gari la wagonjwa limwahishe kutoka studio moja hadi nyingine. Mwaka 1938 akapewa kipindi chake CBS, shirika la redio la Marekani. Jina la kwanza la kipindi lilikuwa na maana ya nafsi ya kwanza umoja, na mbinu ilikuwa hiyohiyo: msimulizi ni mtu aliyekuwepo, anayesema “mimi”, hasimami juu ya mlima kuwatangazia walioko bondeni. Redioni hakuna picha ya kukuokoa. Sentensi ikianza na kishazi kirefu kabla ya kumtaja mtenda, msikilizaji ameshapotea. Hii ndiyo sababu tunawaambia wanafunzi waandike maelezo ya filamu wakiwa wamefumba macho, halafu ndipo wapunguze kila ambacho picha imeshasema.

Lakini mwanzo wake kwenye filamu ulikuwa wa kukataliwa. Mwaka 1937 Joris Ivens wa Uholanzi alitengeneza The Spanish Earth, filamu ya vita vya Uhispania, na maneno yakaandikwa na Ernest Hemingway. Welles akayasoma, yakarekodiwa. Kisha waliokuwa nyuma ya filamu wakasikiliza na kusema hapana: sauti imesuguliwa mno, ina ukumbi wa michezo ndani yake, na picha ni za watu waliobomolewa nyumba. Hemingway, ambaye sauti yake haikuwa na mafunzo wala madoido, akayasoma maneno yake mwenyewe, na hiyo ndiyo ikatoka. Toleo la Kifaransa likasomwa na mtengenezaji filamu mwingine, Jean Renoir.

Kisa hiki tunakipenda kwa sababu mara kwa mara tunaletewa sauti nene ya kutetemesha kioo isome habari za mama anayetafuta maji. Picha ile tayari ni nzito. Kuiongezea sauti nzito ni kutia tui kwenye mchuzi ulioungwa nazi tangu asubuhi. Hapo mtafute mtu anayesema kama jirani.

Ndani ya filamu zake mwenyewe alijua zaidi lini aseme na lini ampishe mwingine. The Magnificent Ambersons ya 1942 inaanza na sauti yake ikieleza mji wa zamani, mavazi, magari ya farasi, na wakazi wa mji wanaingia kwenye maelezo kama vile wamemsikia. Studio ilikata zaidi ya dakika 40 wakati yeye yuko Brazil, ikabaki filamu ya dakika 88, na hata hivyo usimulizi ule haujapitwa. Mwishoni hakuna maandishi ya majina. Anayataja kwa mdomo, mmoja mmoja, na anapofika kwake tunaonyeshwa maiki tu ikining’inia. Anasema ameandika na kuongoza, anataja jina lake, na maiki inazunguka na kuondoka. Miaka 20 baadaye, katika The Trial, akafunga tena kwa kutaja majina kwa mdomo. Ila kwenye Chimes at Midnight ya 1965, ambako yeye ndiye Falstaff, yule mzee mnene mcheshi wa tamthilia za Shakespeare, na amejaa skrini nzima kwa mwili na kwa maneno, usimulizi alimpa mwigizaji mwingine, Ralph Richardson. Angeweza kuusoma mwenyewe bure. Lakini sauti ileile ikiwa ndani ya kisa na juu ya kisa, mtazamaji hajui tena nani anamwambia nini. Wenzetu mnaoigiza, kuongoza na kusimulia filamu moja, liangalieni hilo.

Hapa pana jambo dogo la pembeni. The Third Man ya 1949 watu hudhani inafunguliwa na sauti ya Welles kwa kuwa yeye ndiye anayeigiza mhusika Harry Lime. Siyo. Nakala ya Uingereza inafunguliwa na sauti ya mwongozaji, Carol Reed, na ya Marekani na Joseph Cotten. Maneno karibu ni yaleyale, filamu mbili tofauti: ya Reed ni ya mlanguzi fulani wa mjini asiye na jina, ya Cotten ni ya mhusika ambaye bado hatujamwona. Badili sauti na umebadili kisa.

Tuje karibu na kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, chini ya udhamini wa mfalme wa zamani wa Ubelgiji, Leopold III, ilitengenezwa filamu ndefu ya rangi, ya skrini pana, kuhusu misitu ya Kongo, wanyama na watu wake. Waongozaji walikuwa Heinz Sielmann na Henry Brandt. Kwa Kiingereza iliitwa Masters of the Congo Jungle, na maelezo yake yalisomwa na Wamarekani wawili, Welles na mwimbaji William Warfield. Sauti mbili zinapokezana, na kiufundi ni kazi nzuri: sikio halichoki, na kila sauti ina mzigo wake. Lakini ni maelezo yanayowasemea watu ambao hawakuulizwa. Mwaka 1960 Kongo ikawa huru, na mtu akiitazama filamu hiyo leo Bukavu au Kisangani, kitu cha kwanza kitakachomgusa si sauti nzuri, ni kwamba wenye msitu hawakupewa maiki. Mkipata kazi ya namna hiyo, na mtaipata, ombeni angalau sauti za wenyewe ziachwe zisikike sekunde tatu kabla ya ninyi kuingia, na zirudi mnapotoka. Mhariri ataguna kwa ajili ya muda. Aache agune.

Mfano wenye faida zaidi kwa wasimulizi wa filamu wa kwetu ni Shogun, tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa na NBC ya Marekani Septemba 1980 kwa usiku tano. Baharia Mwingereza anatupwa Japani, na Wajapani wanasema Kijapani bila maandishi ya tafsiri chini. Mtazamaji amewekwa kwa makusudi kwenye ujinga uleule wa baharia. Welles anaingia pale tu ambapo bila yeye uzi ungekatika: huyu ni nani, wale wanagombea nini, kisha anatoka. Kazi yake ni ya mkalimani bahili.

Sasa mweke kando ya Lufufu wa Tanzania na kanda zake za video, au DJ Afro wa Kenya, au VJ Jingo wa Uganda anayefanya kwa Kiganda. Hawa wanasema filamu nzima. Wanambatiza mhusika jina la mtaani, wanatia utani, wanaonya kwamba huyu jamaa atauawa, wanatafsiri na kutunga kwa pumzi moja. Wasomi wengine hulinganisha na kuwadharau wa kwetu. Hatukubaliani nao. Kwenye kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, kuna kelele za watu, jenereta na wauza karanga. Ubahili wa Welles ungemezwa pale dakika ya kwanza. Zile ni kazi mbili. Ila kuna kosa ambalo wa kwetu wanaweza kulikwepa kwa kuiba kidogo kwa bahili yule: kusema juu ya mlio ambao mtazamaji ameusubiri. Kofi, risasi, mlango, kicheko cha adui. Ipitie filamu nzima kwanza ukiwa na kalamu, andika dakika na sekunde ya kila mlio wa namna hiyo, na nusu sekunde kabla yake uwe umefunga mdomo. Mkono mmoja ukae kwenye kitelezi cha sauti ya filamu: unaposema ishushe, unaponyamaza iachie. Usiishushe mpaka ife, maana ukiirudisha itashtua kama taa iliyowashwa usiku.

Haya, kipimo. Wenzetu wa Kiingereza hupima maelezo kwa idadi ya maneno kwa dakika. Kwetu kipimo hicho kitakudanganya. “Hawakutuambia” ni neno moja lenye silabi saba. “Mto una maji” ni maneno matatu yenye silabi sita. Hesabuni silabi. Msimulizi asiye na haraka hutamka silabi kama tano kwa sekunde. Halafu theluthi moja ya muda wa picha iacheni kimya. Picha ya sekunde 12 basi ina nafasi ya sekunde nane za maneno, yaani silabi 40. Ile sentensi ya mto kufurika ina silabi 21, sekunde nne na ushei, na ndiyo maana inakaa vizuri kwenye sekunde sita za mbuzi.

Mwizi mkubwa wa muda ni tarakimu. Elfu moja mia tisa thelathini na nane: silabi zipatazo 15, sekunde tatu zimekwenda kwa mwaka mmoja tu. Kama mwaka unaonekana kwenye skrini, usiutamke. Kama lazima utamkwe, uandikwe kwa maneno kwenye karatasi ya msomaji, kwa sababu msomaji akiikuta 1,250,000 katikati ya sentensi atasimama kuihesabu, na kusimama huko kunasikika. Majina ya kigeni nayo yaandikwe pembeni kwa matamshi, na mkubaliane matamshi hayo kabla taa nyekundu haijawaka.

Karatasi zenyewe: sentensi isivuke ukurasa. Zitandazwe mezani mbili mbili juu ya kitambaa, zisishikwe. Herufi kubwa, mistari yenye nafasi, na alama ya mkwaju pale pa kuvuta pumzi. Kitenge chenye wanga mwingi, bangili, pete mbili kwenye kidole kimoja, funguo mfukoni, vyote vibaki nje. Feni na friji vizimwe. Na kama paa ni la bati, angalieni mawingu kabla ya kumwita msomaji.

Maiki iwe shibiri moja kutoka mdomoni, usawa wa pembe ya mdomo, isiwe mbele moja kwa moja. Hivyo pumzi za p na b zinapita pembeni. Wenye sauti nene mnapenda kuisogelea kwa sababu ukikaribia besi inavimba na unajisikia Welles. Hiyo ni tabia ya maiki za mwelekeo mmoja, siyo ukubwa wako, na kwenye spika ndogo ya simu besi hiyo inageuka tope na konsonanti zinazama. Rudi nyuma vidole vinne. Kata masafa yaliyo chini ya hezi 80. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, na vilele vya sauti visipande zaidi ya desibeli sita chini ya sifuri. Kabla mtu hajainuka, rekodi sekunde 30 za kimya cha chumba kile kile. Bila kimya hicho mhariri atakata sentensi na kuziba pengo kwa ukimya wa kaburi, na kila mtu atasikia kiraka.

Maji yawe ya kawaida, siyo ya barafu. Maziwa na soda kabla ya kusoma, hapana. Mdomo ukianza kutoa vibofyo, kipande cha tufaha la kijani kinasaidia. Marudio yafanywe siku hiyohiyo, kiti hichohicho. Ikibidi kurudi kesho, iwe saa ileile, maana sauti ya asubuhi iko chini kuliko ya jioni, na msomaji asikilizishwe sentensi tatu za jana kwenye vipokea sauti kabla ya kufungua mdomo. Neno lianze nusu sekunde baada ya picha kubadilika, yaani fremu 12 au 13 kwa filamu ya fremu 25. Muziki chini ya sauti ushushwe desibeli 12 hadi 18. Ngoma inavumilika; wimbo wenye maneno hauvumiliki hata ukishushwa vipi, sikio linakimbilia maneno mawili kwa wakati mmoja na kukosa yote.

Kuna jambo zito kuliko besi na vilele, nalo ni imani. Sauti ya Welles ilisadikika, na yeye alilijua hilo vizuri tangu Oktoba 30, 1938, alipoirusha redioni habari ya kubuni ya wavamizi kutoka sayari ya Mirihi na baadhi ya wasikilizaji wakaichukua kuwa taarifa. Mwaka 1973, katika F for Fake, akaifanya imani hiyo kuwa mchezo wa wazi: anaahidi kwamba kwa saa moja ijayo yote atakayosema ni kweli. Saa inakwisha, watu hawakutazama saa, hadithi inaendelea, mwisho anakiri kwamba kwa dakika 17 amekuwa akidanganya. Ahadi yake hakuivunja. Ni kazi safi kabisa.

Na mtu huyohuyo, mwaka 1981, akakaa mbele ya kamera na kusimulia The Man Who Saw Tomorrow, filamu ya utabiri wa Nostradamus, mtabiri Mfaransa wa karne ya 16, kwa uzito uleule aliousomea mambo ya kweli. Katika kipindi hichohicho alisoma, pamoja na Elizabeth Taylor, Genocide, filamu ya mauaji ya Wayahudi iliyopata Oscar. Miaka kumi nyuma yake kulikuwa na Sentinels of Silence ya 1971, filamu fupi ya magofu ya Meksiko yaliyopigwa kutoka kwenye helikopta, iliyoondoka na Oscar mbili. Msikilizaji hana namna ya kujua ni ipi kati ya hizo imechunguzwa na ipi imetungwa. Sauti ni ileile, yenye uhakika uleule. Sisi tunaona hapo alikosea. Msimulizi halazimiki kuwa mtafiti, lakini ana haki ya kuomba muswada siku mbili kabla na kuuliza, “Hili limetoka wapi?” Pale pasipo jibu, kuna maneno madogo yanayookoa: “inasemekana”, “kwa mujibu wa wazee wa pale”. Ni silabi chache tu.

Mikataba tutaipitia haraka kwa sababu muda unatukimbiza. Andikeni idadi ya dakika zilizokamilika, siyo saa za studio. Andikeni kwamba kurudia kwa kosa la msomaji ni bure, na kurudia kwa sababu muswada umebadilishwa ni kazi mpya yenye malipo mapya. Asilimia kubwa ya ugomvi huanzia hapo. Andikeni sauti itatumika wapi na kwa miaka mingapi, na kama trela na matangazo yamo au hayamo. Na sasa hivi msiweke saini pasipo kipengele kinachosema rekodi hii haitatumika kufundishia mashine iige sauti yako. Nusu ya fedha kabla ya kuingia chumbani.

Sasa kwenye meza ya nyuma kuna maiki mbili na skrini. Mtaonyeshwa picha nne, jumla sekunde 40: soko saa kumi na moja alfajiri likiwa tupu, mikono inapanga nyanya mafungu mafungu, soko limejaa, soko tupu tena jioni na mbwa mmoja. Mna silabi 130, zisizidi. Neno “umati” lazima litamkwe, na hamruhusiwi kulitamka juu ya picha ya tatu. Wa kwanza apite.